UZI: Kilimo cha hopsi Uingereza kilivyoanguka, na kwa nini sisi wa karafuu, mkonge na pareto tukisome

#1 Mtoto wa Wete

Assalaam aleikum, na habari za jioni wakuu.

Nimesoma jukwaa hili la kilimo miaka mingi bila kuandika. Leo nafungua uzi, na utakuwa mrefu. Nitaushusha kwa vipande kwa sababu naandika nikitoka zamu.

Mimi mzaliwa wa Pemba, nimekulia kwenye karafuu. Sasa niko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nataka kuwaeleza habari za zao la huku linaloitwa hopsi. Ni maua ya kijani yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu na kuifanya isiharibike upesi. Mimi pombe situmii. Uzi huu ni wa wakulima na wachumaji, kwa hiyo naomba tusiupeleke kwenye baa.

Jambo lilianza hivi. Siku moja nilikuwa na kapu la nguo zilizotoka kukaushwa, nazishindilia kwa mikono miwili zienee zote nibebe mara moja. Bibi mmoja, miaka tisini na kitu, mzaliwa wa London Mashariki, alikuwa kwenye kiti chake amefumba macho. Ghafla akanipigia ukelele: "Usishindilie! Mwizi we! Ziache zipumue!"

Nilistuka mno. Nikadhani kaota. Bintiye alipokuja Jumapili nikamweleza, akacheka hadi akatoa machozi. Akaniambia, mama alipokuwa mtoto, kila Septemba familia nzima ilikuwa ikija Kent kuchuma hopsi, na malipo yalikuwa kwa kipimo. Mpimaji anakuja na kapu lake la busheli, karibu lita 36, anachota hopsi kutoka kwenye pipa la turubai la kila familia. Ua la hopsi ni jepesi kama karatasi. Mpimaji mbaya akilikandamiza kwa mkono, kilichokuwa makapu sita kinakuwa manne, na jasho lenu la asubuhi nzima limekwenda. Kwa hiyo akina mama wakimwona anakaribia walikuwa wakitumbukiza mikono pipani hadi kwenye viwiko na kuyatifua maua kutoka chini, yapande juu, yawe mepesi. Watoto walifundishwa kusimama kando na kuutazama mkono wa mpimaji.

Wakuu, nililazimika kukaa. Mimi nimemwona mama yangu mzazi amesimama mbele ya mtu mwenye pishi, jioni, miguu ina matope, na yule bwana anaigonga pishi chini mara mbili, tatu, karafuu zishuke ili aongeze. Mama hakuwa na la kusema, maana kesho yake alitaka kuchuma tena pale pale.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuatilia hopsi. Nimezunguka mashamba yaliyobaki, nimekaa maktaba, nimewasikiliza wazee ninaowahudumia. Uingereza ilikuwa na ekari karibu 72,000 za hopsi mwaka 1878, yaani hekta kama 29,000. Leo hazifiki hekta 1,000. Nitaeleza zilivyokwenda.

#2 Kijana wa Molo

Shikilia hapo mkubwa, usiache. Kwetu pareto ilikwenda hivyo hivyo. Nimelelewa na pareto, karo yangu yote ya shule ya msingi ililipwa na maua yale meupe. Leo ukitaka kumwonyesha mtoto mmea wenyewe lazima umtafutie. Endelea.

#3 Mtoto wa Wete

Ahsante kaka. Naanza na mmea wenyewe.

Hopsi hutambaa. Mizizi yake hukaa ardhini miaka ishirini hata zaidi, lakini juu ya ardhi hufa kila kipupwe na kuchipua upya kila mwaka. Mwezi wa nne vichipukizi vinatoka, mkulima anachagua vichache, anavizungushia kwenye kamba iliyofungwa kutoka ardhini hadi kwenye waya wa juu, mita tano au sita. Kufikia mwezi wa saba zimefika juu. Hujizungusha upande mmoja tu, mwendo wa saa. Ukizizungusha kinyume zinajifungua zenyewe. Kuna mmea dume na mmea jike kama mpapai, na kinachotakiwa ni ua la jike. Ukilipasua ndani utakuta unga wa manjano unaonata kidoleni. Mali yote imo kwenye unga huo.

Zilikuja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1500 kutoka Flanders, Ubelgiji ya leo. Kent ikazipokea vizuri. Ina udongo mzuri, ina misitu ya kukata miti ya kuegemezea na kuchoma makaa ya kukaushia, na London yenye watu wa kunywa iko jirani. Upande wa magharibi, Herefordshire na Worcestershire, nako zikashika.

Hopsi ikichumwa haingoji, ikilala mbichi inaoza kwa joto lake yenyewe. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na jengo lake la kukaushia. Nyingi ni za duara, za matofali, zenye paa la mchongoko kama pia iliyopinduliwa na kofia nyeupe ya mbao inayogeuka na upepo kutoa mvuke. Chini moto, juu sakafu ya miti yenye matundu iliyotandikwa kitambaa cha manyoya ya farasi, na juu yake hopsi. Mkaushaji alilala hapo hapo kwa wiki nzima ya kazi, anaamka kila saa kugusa na kunusa. Walikuwa wakitia na kiberiti, yaani salfa, motoni ili rangi ibaki nzuri. Zikikauka zinashindiliwa kwenye gunia refu kumpita mtu, na gunia linapigwa chapa ya jina la mkulima, mahali na mwaka. Sheria ndiyo iliyotaka hivyo, kuzuia udanganyifu.

Majengo yale bado yamejaa Kent. Ukipita na basi unayaona kila kijiji. Ila karibu yote sasa ni nyumba za matajiri, zina mapazia dirishani na magari mawili nje. Moshi wa hopsi haujatoka humo miaka hamsini.

#4 Ummu Salma

Ndugu yangu, samahani, sina nia mbaya. Zao la pombe likifa, Muislamu anasikitika nini? Si ingekuwa kheri?

#5 Mtoto wa Wete

Dada yangu Ummu Salma, swali lako ni la haki na nimejiuliza mwenyewe.

Silii bia. Bia haijapungua, viwanda vinafanya kazi kama kawaida. Kilichokufa ni riziki ya mkulima na siku za yule mchumaji. Na njia zile zile zilizotumika kumwondoa mkulima wa hopsi ndizo zilizotumika kwa karafuu. Indonesia ilikuwa ikinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao, ikapanda za kwake, na bei ikaanguka miaka ya 1980 mpaka watu Pemba wakaacha karafuu zidondoke zenyewe chini. Ninachotaka ni tujue mambo haya yanavyokuja, ili mtu wa Wete au wa Mkoani ayatambue yakiwa bado mbali.

#6 Mtoto wa Wete

Naendelea na wachumaji, hapa niachieni nirefushe.

Mwezi wa tisa kazi iliivaa Kent yote kwa wiki tatu au nne, na watu wa vijijini hawakutosha. Wakaja masikini wa London, makumi ya maelfu kila mwaka, wengi wao wanawake na watoto. Walikuja Waairishi, wakaja na Waroma, wale watu wa kuhamahama, na magari yao ya farasi. Kwa mtu wa London Mashariki hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake pekee. Mama alianza kuweka akiba ya chai, sukari na vyakula vya makopo tangu mwezi wa sita, ndani ya sanduku moja kubwa la mbao. Barua ya mkulima ikifika kuwaambia "njooni", mtaa mzima unajua. Treni zao zilikuwa maalumu, nauli rahisi, zinaondoka stesheni ya London Bridge alfajiri ya giza, mabehewa yale ya zamani kabisa. Watoto wengine walifichwa chini ya sketi za mama zao wasilipiwe.

Huko shambani kila familia ilipewa kibanda cha bati au matofali, kiasi cha mita tatu kwa tatu. Mkulima alitoa nyasi kavu za kujaza magodoro na mizigo ya kuni. Akina mama wakaja na karatasi za maua wakabandika ukutani, na pazia, na saa. Familia ile ile ilirudi kibanda kile kile miaka ishirini. Bibi yangu huyu wa kapu anakumbuka namba ya kibanda chao hadi leo, wakati jina langu husahau kila asubuhi.

Mikono iligeuka myeusi kwa utomvu, na uchungu wake uliingia hadi kwenye mkate waliokula. Sabuni haiutoi. Anasema waliutoa kwa kusugua majani ya hopsi yenyewe. Kazi ilianza umande haujakauka, nao umande wa Septemba huku unauma. Jioni sauti inapita shamba zima: msikate tena! Hapo hata kama umebakiza nusu ya mche, unaacha.

Kabla ya kuchuma, bei ilipangwa: busheli ngapi kwa shilingi moja. Mkulima anasema nane, wachumaji wanasema sita, wanakaa chini mpaka wakubaliane. Migomo ilikuwa mingi. Hesabu ilitunzwa kwa vijiti vilivyopasuliwa, nusu kwa mchumaji na nusu kwa mwandishi, vikaunganishwa na kuchongwa alama pamoja pasiwe na wizi. Baadaye zikaja sarafu za madini ya risasi, kisha vitabu.

Nisiwape picha ya sherehe tu. Watu wa Kent waliwaita wale wa London "wageni", ingawa ni mwendo wa saa mbili. Madukani waliweka wavu wa waya juu ya kaunta wasiibiwe. Baadhi ya baa ziliandika mlangoni kwamba wachumaji hawaruhusiwi, nyingine ziliwatoza amana ya glasi. Na tarehe 20 Oktoba 1853, karibu na Hadlow, gari la farasi lililokuwa likirudisha wachumaji kambini lilivunja ukingo wa daraja la mbao la Hartlake wakati mto Medway umefurika. Walikufa watu 30. Wengi wao walikuwa ndugu wa damu, Waroma na Waairishi. Nimekwenda kuliona kumbukumbu lao kwenye uwanja wa kanisa la Hadlow. Wamelijenga kwa umbo la nyumba ya kukaushia hopsi. Nikawaombea, hata kama si wa dini yangu.

#7 Bwana Shamba Uyole

Mkuu uzi mzuri sana. Swali la kitaalamu: magonjwa je? Zao la kudumu lililopandwa aina moja eneo kubwa, kwa uzoefu wangu huwa halikosi balaa la udongoni.

#8 Mtoto wa Wete

Umegonga penyewe mtaalamu.

Aina yao kuu iliitwa Fuggle. Mwaka 1949 zaidi ya robo tatu ya hopsi zote za Uingereza zilikuwa Fuggle. Sasa, mwaka 1924 huko Penshurst, Kent, ulionekana mnyauko, fangasi anayeingia kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji. Majani yanakuwa na mistari ya manjano kama ngozi ya chui milia, shina linavimba, mche unakufa umesimama. Fangasi huyo hubaki udongoni miaka, anasafiri kwa tope la viatu, magurudumu, hata majani makavu yanayopeperushwa na upepo. Na Fuggle hana kinga naye kabisa.

Dawa haikuwepo. Walifanya kama wanavyofanya Kagera kwa mnyauko wa ndizi: ng'oa, choma, osha vifaa, zuia wageni kuingia shambani. Mkulima mmoja mstaafu alinieleza kwamba baba yake aliweka beseni la dawa ya kuchovyea viatu getini, na jirani akakasirika akaona ametukanwa. Baada ya miaka miwili shamba la jirani likanyauka.

Walikuwa na chuo cha kilimo, Wye, na hapo ndipo pananiuma kuliko mahali pengine pote. Ernest Salmon alianza kuzalisha aina mpya hapo mwaka 1906. Akapata mche wa mwituni kutoka Manitoba, Kanada, akauchanganya na damu ya Kiingereza. Zikatoka aina kama Brewer's Gold, iliyotolewa mwaka 1934, zenye uchungu mkali usiokuwa umeonekana. Watengenezaji bia wa Uingereza wakazikataa. Wakasema zina harufu ngeni, ya Kimarekani. Lakini Wamarekani na Wajerumani wakazichukua, wakazizalisha, na aina nyingi zenye nguvu zinazotawala soko la dunia leo ni watoto na wajukuu wa miche ile ya Wye. Northern Brewer nayo ya Wye, na Wajerumani wameitumia kupata aina zao.

Maabara ya Kent ndiyo iliyowapa silaha waliokuja kuiua Kent. Naandika hili nikiwa na hasira, kwa sababu ni kazi nzuri ya kitaalamu ambayo mnunuzi wa nyumbani aliidharau. Wye walikuja kupata aina inayovumilia mnyauko, Wye Target, mwaka 1972. Ilisaidia sana, ila kwa wengi ilikuja shamba limekwisha ng'olewa. Chuo chenyewe kilifungwa mwaka 2009. Kazi ya mbegu wakulima wamebaki nayo wenyewe, kwa kampuni yao ndogo, kwa michango yao.

#9 Mzee wa Muheza

Salaam. Mimi nimefanya kazi kwenye mkonge tangu kijana. Sisi tulipigwa na nailoni. Kamba ya plastiki ilipokuja, nani tena anataka katani? Je, hao hopsi yao imepigwa na nini hasa? Maana ugonjwa peke yake hauui zao, mkulima hupanda kwingine. Na bodi je, walikuwa nayo?

#10 Mtoto wa Wete

Shikamoo mzee wangu. Unauliza ule moyo wa uzi.

Bodi walikuwa nayo. Lakini lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1862 ushuru wa hopsi ulifutwa na mlango wa za nje ukafunguka. Baada ya kilele cha 1878 zikamiminika hopsi rahisi za Marekani na Ujerumani, na mwaka 1908 wakulima na wachumaji kwa maelfu waliandamana hadi Trafalgar Square kudai ushuru urudishwe. Vita vya kwanza serikali ikaamuru nusu ya hopsi ing'olewe ilimwe chakula. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1930 wamebaki na karibu robo ya zile ekari 72,000.

Ndipo mwaka 1932 ikaja bodi ya masoko ya hopsi. Kila mkulima akapewa mgao wake, bodi inanunua zote, inawauzia watengenezaji bia kwa bei iliyopangwa kufuata gharama za kilimo. Kwa mkulima ilikuwa neema. Miaka hamsini bila kulala na wasiwasi wa bei! Wale waliokuwa na mgao walijenga, walisomesha, na mgao wenyewe ukawa mali ya kuuzwa. Siwezi kuilaani bodi ile. Lakini ilimzoesha mkulima kumtazama mnunuzi mmoja tu, yule wa nyumbani, na kulima kile ambacho baba yake alilima. Kwa mfano Waingereza waliacha miche dume shambani, hopsi zao zikawa na mbegu. Wanunuzi wa Ulaya walitaka zisizo na mbegu. Kwa soko la ndani halikuwa tatizo, kwa hiyo wengi hawakubadili.

Uingereza ikaingia Soko la Pamoja la Ulaya mwaka 1973, na kule bodi yenye ukiritimba haikubaliki. Mwaka 1982 bodi ikafungwa. Mkulima akaamka asubuhi hana mgao, hana bei, anashindana na bonde la Hallertau la Ujerumani, lenye hopsi hadi macho yanapochoka, na Yakima ya Marekani, kwenye jua na maji ya mfereji.

Sasa nailoni yao ilikuwa nini? Zilikuwa mbili.

Ya kwanza, mnywaji alibadilika. Mwingereza alizoea bia ya kahawia, ale, inayotaka hopsi nyingi za harufu. Kuanzia miaka ya 1960 akaanza kunywa laga, ya manjano, baridi, yenye hopsi kidogo na mara nyingi aina za Ulaya. Kufikia karibu mwaka 1990 laga ilikwisha kuvuka nusu ya bia yote iliyouzwa nchini.

Ya pili ndiyo ninayoiona kubwa zaidi, na sioni ikisemwa vya kutosha. Zamani mnunuzi alikuja kununua ua. Soko lao lilikuwa Southwark, London, na jengo kubwa la biashara ya hopsi bado limesimama Southwark Street. Gunia likakatwa upande, likatolewa tofali dogo la hopsi, mnunuzi akalisugua viganjani, akanusa, akasema hii ya Kent Mashariki, hii ilikaushwa haraka mno. Jina la mkulima lilikuwa bei. Kisha maabara ikaweza kupima uchungu wenyewe, asidi ya alfa, kwa asilimia. Kuanzia hapo kiwanda hakinunui ua tena. Kinanunua kilo za alfa. Fuggle au Golding, aina yao nyingine ya zamani, ina asilimia nne, tano. Aina mpya kali zina kumi na mbili, hata kumi na tano. Maana yake kilo moja inafanya kazi ya kilo tatu. Ikasagwa ikawa vidonge, ikakamuliwa ikawa rojo kwenye kopo linalokaa miaka. Bia ileile, lori lilelile, lakini ekari zinazohitajika ni theluthi. Na rojo halina harufu ya kijiji wala jina la mtu kwenye gunia.

Mzee, nailoni ilikuja kutoka nje ya mkonge. Hopsi ilipigwa na hopsi mwenzake mwenye nguvu zaidi.

#11 Kijana wa Molo

Hiyo ya alfa imenigusa. Sisi pia maua yalikuwa yanapimwa kiwango cha dawa ndani yake, unaambiwa yako iko chini, unalipwa kidogo, na huna mashine ya kuhakikisha. Halafu malipo yenyewe yanachelewa mwaka. Baba aling'oa akapanda viazi. Na wachumaji wa huko walienda wapi?

#12 Mtoto wa Wete

Mashine. Miaka ya 1950 zilienea mashine za kuchuma. Unakata mtambaa mzima, unautundika kwenye ndoano, unapita kwenye vidole vya waya vinavyopukuchua maua, watu wachache wamesimama kuondoa majani. Kazi ya familia mia ikafanywa na watu kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni za London Bridge zikakoma. Na kwa haki, watu wa London wenyewe hali ilikuwa imenyooka, baba ana likizo ya malipo, wanataka kwenda pwani. Bibi yangu alikwenda mara ya mwisho akiwa na mtoto mchanga mkononi. Anasema mwaka uliofuata barua haikuja. Mama yake aliendelea kuuliza tarishi hadi mwezi wa kumi.

#13 Bwana Shamba Uyole

Na sasa waliobaki wanaishije? Nasikia kuna viwanda vidogo vya bia vimefufuka kote Ulaya.

#14 Mtoto wa Wete

Vipo, na vingi. Lakini vijana wa viwanda vidogo walipenda harufu ya embe, machungwa na pasheni, inayotoka kwenye aina za Marekani kama Citra, na za New Zealand. Harufu ya Kent ni ya udongo, majani, asali kidogo, ni ya upole. Hivyo hata neema hiyo ilimpita mlimaji wa nyumbani, isipokuwa waliopanda aina mpya zao wenyewe. Kuna aina fupi pia, First Gold ni mojawapo, inayokua kwenye wigo wa mita mbili na nusu hivi, gharama ndogo. Kisha ukame wa mwaka 2022 ukawachoma vibaya.

Wakulima waliobaki nchi nzima ni makumi tu. Ukumbi mmoja ungewatosha. Faversham bado kuna mkusanyo wa aina za zamani umehifadhiwa shambani, na kila mwezi wa tisa mji hufanya tamasha la hopsi, watu wanavaa mataji ya maua kichwani. Nimekwenda mara mbili. Watu ni wengi kweli. Niliuliza watatu wenye mataji ni nani kati yao ana mtu wa ukoo anayelima hopsi, hakuna.

#15 Dada wa Makunduchi

Kaka, umesema kamba zinafungwa toka chini hadi waya wa juu. Kamba za nini? Nauliza kwa sababu mimi na mama zangu tunasokota.

#16 Mtoto wa Wete

Dada! Nilikuwa naliweka hili mwisho na wewe umelichomoa.

Ni usumba. Kamba za makumbi ya nazi, hasa hasa. Huwaletea India na Sri Lanka, na wamezitumia tangu mashamba ya waya yalipoanza. Wanazipenda kwa sababu ni ngumu, zina manyoya ya mtambaa kushikilia, na msimu ukiisha zinaoza pamoja na majani. Kila mwaka shamba zima linafungwa upya. Zamani wafungaji walitembea juu ya miti mirefu miguuni, sasa hutumia ufito mrefu wenye bomba la kupitishia kamba, wanatia kwenye ndoano juu, wanashuka chini, juu, chini, bila kusimama.

Mwezi wa tatu mwaka juzi nilishuka basi kwa ajili hiyo tu. Kulikuwa na mzee mmoja na kijana wake wanafunga. Nikaomba nishike. Ilikuwa vile vile, dada, ile inayokwaruza paja ukiisokotea. Nikawaeleza jinsi makumbi yanavyofukiwa kwenye mchanga wa pwani miezi kadhaa, yakifukuliwa yananuka, wanawake wanayapigapiga kwa mchi wa mti, maji ya bahari yako magotini. Yule mzee alikuwa amefunga usumba miaka arubaini na hajui unatoka kwenye nazi kwa njia gani. Akamwita mkewe aje asikie.

#17 Dada wa Makunduchi

Subhanallah. Nitawasomea hii kesho tukiwa ufukweni. Na bibi wa kapu bado yupo?

#18 Mtoto wa Wete

Yupo, Alhamdulillah.

Kila Septemba bintiye humletea mtambaa mmoja mzima wa hopsi, tunautundika ukumbi wa chakula. Mwaka jana alichelewa. Shamba alilokuwa akinunua limeng'olewa, sasa ni zabibu za mvinyo, kwa hiyo ilibidi aende mbali zaidi mpaka akapata. Tulipomaliza kuutundika bibi akaniamuru niushushe, akauweka magotini, akauliza pipa liko wapi. Pipa hatuna. Nikamletea lile kapu la nguo.

Alichuma saa nzima na dakika kadhaa, bila jani hata moja kuingia. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, anazungumza na mimi mambo mengine. Alipomaliza akatumbukiza mikono yote miwili, akayatifua kutoka chini, kisha akanitazama nibebe. Nililinyanyua kwa chini, polepole, nikalipeleka hadi mezani bila kuligusa juu.

Wakuu, zamu inaanza saa moja asubuhi. Anayetaka kuuliza aulize, nitajibu Alhamisi.